Matuta Yale Mpeni Clementina

Hagsätra, Stockholm
23 Novemba

Mpendwa Baba Mkubwa Damas,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti likikuruhusu kupanda hadi kanisani bila kusimama njiani kumlaumu aliyelijenga kanisa mlimani. Mama Mkubwa je, kifua kimempoa? Na tangawizi, mmeshaanza kuichimba?

Mimi ni mzima. Giza la huku huingia chakula cha mchana kikiwa bado hakijashuka tumboni, lakini nimelizoea. Nisilolizoea, na nisiloweza kulimeza, ndilo limenishikisha kalamu badala ya simu.

Kama nilivyokudokeza, chuo kilitupeleka Ufilipino, milima ya Ifugao, kuyaona matuta ya kale ya mpunga. Baba, nilipofika ukingoni nilipigwa na bumbuazi. Mlima mzima umechongwa ngazi! Maji hutoka msituni juu, hunywesha shamba moja, huvuka ukingo kwenda la pili, hadi bondeni, bila pampu wala bomba. Nani atathubutu tena kuniambia kwamba watu wa milimani ni watu wa nyuma? Niliiona ndiva yetu pale, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mashamba, niliiona mifereji ya Upareni, niliyaona mawe aliyoyapanga Babu. Machozi yalinitoka mbele ya Wasweden, wala sikuona haya.

Kumbe mshtuko wenyewe ulikuwa bado.

Nilikuwa na pakiti ya kahawa, zawadi ya kumpa mwenye shamba. Nikamwona mwanamume wa makamo juu ya ukuta, nikainama, nikamkabidhi kwa mikono miwili na hotuba fupi juu ya urithi wa mababu. Alicheka hadi akakaa chini. "Mpe mwenyewe, bwana! Mimi nalima kwa ruhusa ya dada."

Dada huyo, Bugan, alikuwa yule mama wa tope hadi magotini niliyempita njiani. Na nilikuwa nimempa mkoba wangu anishikie! Bonheur, Mkongo ninayesoma naye, hakunisamehe: "Kaka Method, si wewe unayepaza sauti ya usawa kwenye maandamano? Leo umemfanya mwenye mlima mchukuzi wako!" Bugan akaipokea kahawa, akanirudishia mkoba, akaendelea kuziba ufa wa ukuta.

Desturi yao, Baba, ni kwamba mashamba makubwa ya mpunga humfuata mzaliwa wa kwanza, awe wa kiume au wa kike. Hakuna anayeuliza ana ndevu au hana. Sikupata usingizi. Sisi tuliosimama majukwaani kudai haki za wanyonge wa dunia nzima, nyumbani kwetu tumemtendea nini dada yangu Clementina?

Mwezi uliopita mlinipigia simu kunipongeza: kikao cha ukoo cha Desemba kitanikabidhi matuta ya marehemu Baba, kwa kuwa ndimi mwana wa kiume pekee. Mimi, ninayekaa mwisho wa njia ya treni, nchi ya theluji! Masika yalipoubomoa ukuta wa juu, nani aliuinua? Nani husafisha mfereji zamu yetu ifikapo? Dada yangu, kifungua mimba wa Baba. Mtasema ameolewa. Ndiyo, ameolewa ng'ambo ya bonde, na kila msimu hulivuka bonde hilo na jembe begani. Je, mawe yamewahi kumuuliza jina la mumewe?

Sisemi haya kwa dharau. Wewe ndiwe uliyenilea Baba alipofariki, na neno lako kikaoni ndilo zito. Nakusihi ulitamke wewe: matuta yale mpeni Clementina. Mkikataa, nipeni mimi. Nami nitasafiri, nitayapokea kwa heshima zote, na papo hapo, mbele yenu, nitamkabidhi yeye. Lakini ni afadhali haki hii itoke kinywani mwako kuliko mwangu.

Nisalimie Mama Mkubwa, Shangazi Josefina na wajukuu wote. Mungu aijaze ndiva yenu na kuwapa mvua isiyobomoa.

Kahawa niliyoifunga pamoja na barua hii ni ya mwenye shamba. Safari hii sitaki kukosea: mpelekee Clementina, na ukitamani kikombe, muombe yeye.

Mwanao akupendaye na kukuheshimu,

Method