Nyuzi za Kijivu

Dada yangu mpendwa,

Salamu kwanza, mengine yafuate. Miguu inaendeleaje, bado inavimba jioni? Sisi huku tu wazima wa mwili, Mungu ashukuriwe. Ila moyo wangu si mzima, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwa simu ningelia tu.

Unamkumbuka yule mwenzangu wa blogu ambaye nilikuchosha kwa kumsifu? Mimi kwenye blogu yangu naandika habari za kubadilisha zipu na kupunguza suruali, wasomaji wenyewe thelathini, nawe ukiwemo. Yeye huchora kwa vitambaa. Viraka vya mashati makuukuu anavishona hadi unaona uso wa mtu, unaona hata kwamba mtu huyo hakulala. Nimekuwa fundi cherehani miaka ishirini na sita, lakini kazi yake ilinitia haya, haya ya heri. Kila asubuhi nilisali, kisha nikamsoma. Shemeji yako husema laiti naye angekuwa na blogu, huenda chai yake isingepoa.

Hatujawahi kuonana, tuliandikiana tu miaka minne. Nilipomweleza habari za marehemu mama, akaomba nguo yake moja. Ndipo nikakuomba lile gauni la kijivu, nawe ukakubali shingo upande, ukasema ndilo pekee lililobaki, na likipotea nisikanyage kwako. Nikakuahidi litakurudia likiwa picha ya mama.

Lilirudi Jumanne iliyopita. Nilifungua kifurushi dukani, meza imejaa sare za shule, wateja wamesimama. Dada, alikuwa mama! Ameketi mlangoni, kichwa ameinamisha kama alivyokuwa akichambua maharage. Nilicheka huku nalia, mpaka mteja mmoja akauliza kama ni harusi au msiba. Lakini kichwani kulikuwa na nyuzi nyingi za kijivu zinaning'inia, ndefu kwa fupi. Unajua mama alivyotufundisha: nguo haitoki mkononi mwa fundi uzi ukiwa unaning'inia. Mwenzangu alikuwa amenidokeza kwamba macho yanamsumbua, nikadhani ameshindwa kumalizia. Nikasema moyoni, ngoja nimstiri. Nikachukua mkasi mdogo, nikazikata zote, nikapiga pasi, nikafagia.

Barua yake ilikuwa chini kabisa ya boksi. Aliandika kwamba zile nyuzi ni nywele za mama. Alizichomoa kwenye pindo la gauni, uzi mmoja mmoja, kwa miezi mitatu, akaziacha huru ili upepo ukipita zicheze. Akaandika pia kwamba daktari amemwambia macho hayatarudi, na hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho.

Nilikimbilia pipa la taka, nikakuta limeshamwagwa. Kwenye ufagio nilipata nyuzi nne.

Sasa sikiliza kilichonifanya niandike. Jioni ile alinipigia simu, ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yake. Aliniomba nimsimulie nywele zinavyocheza, maana hakuwahi kuziona vizuri, alizishona kwa kupapasa. Nikamwambia zinacheza. Nikamwambia mlango ukifunguliwa zinainuka kidogo, kama mama anageuka kuitika. Alifurahi hadi akalia. Tangu hapo hupiga kila siku, na kila siku namwongezea. Nikipiga magoti kusali, maneno hayaji. Mdomo ni ule ule.

Picha naituma pamoja na barua hii, nyuzi nne zimo kwenye bahasha ndogo. Sijui kama bado naruhusiwa kukanyaga kwako. Aliniomba namba yako, amsikie mwenye picha, nami nikampa, sikuwa na ujasiri wa kukataa. Kukuomba useme uongo siwezi, dada, na kukuomba useme kweli siwezi pia. Ila akikuuliza habari za upepo, fungua mlango kwanza, mtazame mama, ndipo umjibu.

Msalimie shemeji na watoto wote. Nikumbukeni katika sala zenu, zangu zimekwama.

Ni mimi mdogo wako.