Chachu ya Kibuyuni

Mpendwa Wambui,

Huku Njoro tuko salama, na goti la guka, babu yako, limepoa. Unauliza kama vidonge vya hamira ulivyopewa vya tumbo viko hai kweli.

Miaka ya hamsini nilikuwa darasa la saba, msichana wa vitabu, mwoga wa kuongea na watu. Kitabu cha afya kilisema maji moto huua vijidudu, basi nikasuuza kibuyu cha uji cha cucu yangu, bibi aliyenilea, kwa maji yanayochemka. Uji uliotiwa humo ukakataa kuchacha, na mdogo wangu, aliyetoka kuharisha, alikuwa hakubali uji mwingine.

"Mwalimu," cucu akanitania, "umeua wafanyakazi wangu wote wa kuchachusha uji. Nenda kwa Mama Chebet uombe wengine."

Nilisimama mlangoni kwa jirani huyo nikitazama kuku wake, mpaka akacheka: "Umekuja kuhesabu kuku ama uko na shida?"

Nikasema. Akanipa nusu kikombe cha uji wake mchachu. Tukauchanganya na wetu, na kesho yake ulichacha, mtoto akanywa, akaomba tena.

Kwa hivyo ndiyo, viko hai. Daktari akikubali, vimeze kwa maji baridi. Usivimeze kwa chai moto. Kosa hilo nilishalifanya kwa niaba yako.

Cucu yako