Dahabo wa Kitabu Hachimbi Kisima

Abaayo Weris, dada yetu wa redio, salaam aleikum. Naitwa Alio, niko hapa Garissa, kazi yangu ni kupakia mbuzi kwa lori soko ya mifugo. Shule nilifika darasa la tatu, basi. Nisaidie, nimeharibu kwangu.

Bibi yangu Bishara, mama ya binti yangu, alikufa mwaka juzi, Allah amrehemu. Huyo mama alijua hadithi. Alikuwa anasuka mkeka huku anatusimulia wale wanawake wa zamani, na zaidi Dahabo, yule bwana yake alimuacha jangwani na punda moja, sikio imepasuka, kama ile punda Bishara alikuja nayo tukioana, na Dahabo hakulia, alishika jembe akachimba mpaka maji ikatoka, na wanaume wakakuja kuomba. Sheria ya Bishara ilikuwa moja. Kila akisema kidogo, sisi tuseme "haye". Usiposema, anaacha hadithi anasuka kimya, hata umlilie.

Sasa binti yangu Hinda, ako fomu tatu, ameshinda kitabu shuleni, kitabu mpya ya wanawake haohao. Nilifurahi, wallahi. Akaniambia, "Aabo, kaa, nikusomee Dahabo." Nikakaa. Abaayo, hiyo Dahabo sijui ni ya nani! Ako na simu. Anaongea kama mtu ya semina. Anasema "haki yangu, haki yangu" lakini kisima hachimbi, na punda hakuna kabisa. Nilinyamaza, nikanyamaza, ikanishinda.

"Funga hiyo! Mama yako angelisha mbuzi hiyo kitabu."

"Lakini Aabo, mimi nimeipenda."

"Basi hukuwa unamsikiza mama yako."

Hiyo neno ndio mbaya. Wiki mbili sasa ananiwekea chai, anaenda. Hasomi. Haongei. Nataka kupelekea mwalimu hiyo kitabu, amwambie mwenye aliandika aandike tena vizuri. Ni sawa?

*

Aleikum salaam, walaal Alio, ndugu yangu. Si sawa! Zawadi ya mtoto hairudishwi, na ole wako nisikie umeonekana langoni pa shule.

Uchungu wako naujua. Ulimzika Bishara, ukaenda kumtafuta kitabuni, hukumkuta. Lakini umeniandikia kwa mkono wako kwamba alikuja kwako na punda wa sikio lililopasuka. Mwanamume mzima, miaka yote hiyo, hukujiuliza Dahabo ni nani? Mwandishi hakuwahi kumjua mkeo. Atamwandikaje?

Kosa lako liko kwingine. Binti yako alikuwa anakusimulia kama mama yake, na wewe hukusema hata "haye" moja. Sheria ya nyumba yenu ni ipi? Asiyeitikiwa hunyamaza. Hinda anaishika sheria ya mama yake vizuri kuliko wewe, halafu unamwambia hakuwa anamsikiliza!

Leo ukitoka sokoni, oga kwanza, maana harufu ya beberu haiombi msamaha. Mwambie, "Hinda, Aabo amekosa." Usiongeze kitu. Mwombe afungue kitabu pale mlipoachia. Dahabo akipiga simu, sema haye. Akidai haki yake, sema haye, hata kama meno yanauma.

Kikiisha, mpe kalamu na daftari, umsimulie yule Dahabo wa mama yake, pamoja na punda. Sema maneno machache, kisha ngoja. Usiendelee mpaka umsikie yeye akisema haye.