Siku Fundi Sitati Alipofungua Kompyuta

Salgaa,
Jumapili, 9 Machi 2025.

Kwa kaka yangu Kipruto,

Naomba barua hii ikufikie ukiwa mzima huko Doha. Mama hajambo, ila goti bado linamsumbua. Nampa Jackie, anayesafiri kuja huko, akuletee, kwa sababu haya siwezi kukuandikia kwa simu vipande vipande.

Uliniuliza kama ununue prosesa mpya ya ile kompyuta ya dukani au tuitupe. Kweli imechoka. Mteja anaweza kunywa chai akarudi kabla fomu yake ya mtandaoni haijafunguka. Basi nikamwita Sitati, fundi wa Nakuru mjini, akaja Jumanne saa nne asubuhi. Aliifungua, akapuliza vumbi, akasema bodi yake haiwezi kupokea prosesa yoyote ya siku hizi, na kwamba kinachoichelewesha hasa ni diski. Akashauri tubadilishe diski, tuongeze memori, prosesa tuiache ilivyo.

Tulikuwa tumeinama pamoja, akinionyesha kwa tochi, Elphas alipoingia. Kaka, sijawahi kukuambia kwamba tangu Krismasi mume wangu huyu amekuwa akinipiga. Lile jino nililosema limeoza, alilitoa yeye kwa ngumi. Siku hiyo hakuuliza kitu. Alinishika nywele akanigonga uso kwenye kona ya meza mpaka damu ikajaa kwenye kibodi. Sitati alijaribu kumshika, akimwambia yeye ni fundi tu, ameitwa kazi. Elphas akainyanyua kompyuta nzima akampiga nayo mgongoni. Ilipasuka vipande, kwa hivyo hiyo prosesa usinunue, hakuna pa kuiweka.

Sitati naye akamrudishia. Walipigana mpaka nje, pale madereva wa malori wanaponywea chai. Elphas akaanguka, mdomo umechanika, Sitati akiwa juu yake amekunja ngumi. Hapo ndipo sauti iliposikika: "Mwizi! Mwizi huyo!"

Unajua neno hilo linavyofanya watu hapa. Walikuja na mawe, na mateke, na mmoja alikuwa na chuma cha kufungulia magurudumu. Nilisikia mkono wa Sitati ukivunjika. Aliita jina langu mara mbili. Tairi la kumchomea lilikuwa limeshaletwa wakati Karanja mwenye hoteli alipojilaza juu ya Sitati, akawaambia wawachome wote wawili. Hilo ndilo lililomwokoa mpaka polisi wakafika.

Sasa amelazwa Nakuru. Mkono wa kulia umesagika, jicho moja halioni, na askari ameketi mlangoni kwa sababu Elphas aliandikisha kituoni kwamba alimkuta akiiba. Watu wote wanaamini Elphas ndiye aliyepiga kelele, naye hakani. Wengine wanampongeza.

Kaka, niliyepiga kelele ni mimi.

Nilipomwona Elphas amelala mavumbini, amepigwa mbele ya watu kwa ajili yangu, nilijua akiinuka ataniua. Nilitaka ainuke akiwa na mtu mwingine wa kumkasirikia. Nikawapa Sitati.

Jana nilikwenda hospitali nimwambie. Mkewe, Rahab, alinipisha kwenye kiti chake, akanishukuru kwa kufika. Nilikaa pale nikamwangalia mumewe akilishwa uji kwa kijiko, nikamrudishia Rahab kiti chake, nikaondoka.

Nimehamia kwa Mama. Kesho asubuhi nakwenda kituoni kusema ukweli, na Karanja amekubali kunisindikiza. Mama ananisihi ninyamaze, anaogopa watanifunga. Labda watanifunga. Lakini mtu yule hakuiba hata msumari, na hakuna mwingine wa kulisema hilo ila mimi.

Usinikasirikie kabla hujanisikia. Mama anakusalimu sana, na majirani wa hapa nyumbani pia. Ukipiga magoti kuomba, mtaje Sitati kwanza, halafu mimi.

Dada yako,
Jepkemboi