Kimya cha Bi Mwanahawa

Jumanne, Ukonga

Na mie ndiye niliyefundisha uraia miaka yote ile. Niliandikaga ubaoni kwamba kiongozi hupima, hushauriana, ndipo huamua. Leo, mwenyekiti wa mtaa mzima, nimeamua haraka kwa sababu wingu lilikuwa limetanda na watu walitaka kuondoka.

Mkutanoni nilisoma pendekezo: mtaro mpya upite uani kwa Bi Mwanahawa, jiko lake livunjwe. Nikauliza kama kuna anayepinga. Kimya. Nikaandika kwenye muhtasari, "Wananchi wameridhia."

Sijui maamuzi mangapi ya kwenye vitabu vya historia yalipita hivihivi, watu wakiikimbia mvua.

Jioni nilikwenda kwake. Baada ya shikamoo nikamkumbusha kwamba hakupinga, na kimya ni ridhaa.

Akaendelea kuchambua mchele. "Kimya ni ridhaa ya mwali, mwanangu. Mie nimeolewa mara mbili, wote nimewazika. Mjane haozwi kwa kimya, huulizwa mpaka aseme. Wewe uliniuliza?"

Muhtasari uko hapa mezani, haujapigwa muhuri. Ningeweza kusema niliwauliza wote mkutanoni...

Sikumuuliza. Nilijua atajibu nini.