Mashine Mbili, Anwani Moja

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute u mzima, na lile goti liwe limekupa nafuu. Huku tunapumua. Mjukuu wako mdogo ameng'oka jino la mbele, sasa anacheka huku kaziba mdomo kwa kiganja. Mimi siumwi, ila moyo hautulii. Sikukupigia simu kwa sababu haya ni maneno ya kuandikwa.

Juzi hapa hospitalini alifariki mzee mmoja, fundi cherehani, aliyelazwa kitanda cha dirishani. Alikuwa amefungwa mashine ya kufuatilia mapigo ya moyo. Mashine ile hupeleka habari kwenye skrini iliyo mezani kwa muuguzi. Moyo ukiyumba, king'ora hulia. Mchana ule hakikulia. Muuguzi alikuwa akimfunga mgonjwa mwingine bandeji, na aliporudi mzee alikuwa amekwisha kata roho. Binti wa marehemu alisema mbele ya wodi nzima kwamba baba yake kauawa na uzembe, na muuguzi akasimamishwa kazi. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, viatu mkononi. Akaniambia, "Dada, naapa, ile skrini ilikuwa kimya."

Nikatumwa kuikagua mitambo na mtandao wa ndani unaoiunganisha. Najua utaniuliza mtandao wa ndani ni mdudu gani, mama. Fikiria mtaa mmoja. Kila kifaa, iwe kompyuta, printa au mashine ya wodini, ni nyumba yenye namba yake, ndiyo anwani yake. Mwanzo wa namba ni wa mtaa, wote wanao; mwisho wake ni wa nyumba, na haufai kufanana na wa jirani. Vifaa vingi hugawiwa namba na mtambo mkuu. Vichache huandikiwa na fundi kwa mkono, na hapo ndipo panapotaka macho. Nyumba mbili zikiwa na namba moja, mjumbe hajui abishe wapi.

Ndivyo ilivyokuwa. Katika chumba cha pili palifungwa printa mpya asubuhi ile, ikapewa namba ya mashine ya dirishani. Fundi aliyeifunga alijaribu kwanza kuibishia hodi ile namba. Haikuitika, akadhani haina mwenyewe. Kumbe kitanda kilikuwa kitupu na mashine imezimwa. Mzee alipolazwa, mashine ikawashwa, vifaa viwili vikagombea namba moja, na habari za moyo wake zikapotelea njiani.

Mama, nimechelewa kusema, lakini lazima niseme. Fundi huyo ni kitinda mimba wako.

Nilimwita kwenye chumba cha mitambo nikamwonyesha. Alizitazama zile namba, akakaa sakafuni. Kisha akaniomba nibadilishe namba ya printa ninyamaze. Mzee hafufuki, alisema, na muuguzi atapata kazi kwingine. "Dada, mimi ni damu yako," alisema, akaanza kulia kama alivyokuwa akilia utotoni, bila sauti. Nakuungamia, mama: nusura nikubali. Vidole vilikuwa tayari kwenye kibodi. Nikamkumbuka yule mwanamke na viatu vyake mkononi, nikashindwa.

Nilikwenda kwa mganga mkuu, nikamweleza yote na jina nikalitaja. Binti wa marehemu aliitwa asikie. Hakunishukuru wala hakunilaumu; aliuliza tu kama baba yake aliumia sana. Muuguzi amerudishwa wodini. Mdogo wangu ameachishwa kazi, na huenda akashtakiwa. Alifungasha nguo zake nikiwa kazini, na simu zangu hapokei.

Nadhani anakuja kwako. Atakuambia nimemuuza. Usibishane naye, mama. Mpe maji aoge, mpe chakula, mwache alale. Na ukiona ni mimi wa kukasirikiwa, nikasirikie, mimi nitastahimili. Yeye usimfungie mlango.

Nisalimie majirani, na mama mdogo mwambie dawa yake nitaituma. Ukipata nguvu, niandikie, hata mstari mmoja.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
dada yake.