Kwenye Mbili Paachwe Wazi

Jumatatu, 5 Mei
Ukili wa mkeka nimesuka pima mbili kabla ya chai. Halafu grafu nne. Tatu nimezikosa. Mtihani wa hisabati wa kuingia chuo cha ualimu ni Ijumaa ya wiki ijayo, Msambweni. Nimeshaanguka mara mbili. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho, hawatoi ya nne. Naitaka kazi ya ualimu kuliko kitu chochote.

Jumanne, 6 Mei
Fankisheni za sehemu. Namba ya chini ikiwa sifuri, hesabu imekufa. Hapo grafu hupaa au hudidimia, ikiukaribia mstari wa nukta nukta bila kuugusa. Nauchora huo mstari kwanza. Nikishaupata siogopi.

Jumamosi, 10 Mei
Ukunda, kwa Mwalimu Mutua. Mtu wa bara, hana maneno ya asali. Alinipa swali: juu x² − x − 2, chini x² − 4. Nikavunja zote mbili. (x − 2) ya juu ikakatana na ya chini, ikabaki x + 1 juu ya x + 2. Mstari wa kusimama kwenye hasi mbili, wa kulala kwenye moja. Safi kabisa. Kwenye mbili grafu nikaipitisha bila kuinua kalamu.
Akatia kosa kwa wino mwekundu.
"Mwanasha, umekata poa. Lakini kwenye swali lenyewe, mbili bado inaleta sifuri huko chini. Weka kiduara kitupu hapo, kimo cha robo tatu. Mbona kila siku unaziba?"
Nikakusanya karatasi zangu. Nimerudi nyumbani Gazi nimenuna.

Jumapili, 11 Mei
Mbona naziba? Jibu nimelipata ukili ukiwa mkononi. Tangu nina miaka saba Mama ananifumulisha kwa tundu moja tu. Huuinua ukili juani. Mwanga ukipenya, fumua, anza tena. Mkono wangu haujui kuacha tundu. Unaziba wenyewe, hata kwenye karatasi. Nimecheka peke yangu. Kisha nikakasirika.

Jumatano, 14 Mei
Grafu kumi na mbili. Sasa kabla sijakata, namba inayoleta sifuri chini naiandika pembeni. Kiduara kwanza, grafu baadaye. Mara tatu mkono umenitoroka ukaziba. Nimefuta, nimerudia. Ukili sijaugusa tangu Jumatatu na Mama hapendi. Asipende. Lazima nipite.

Ijumaa, 16 Mei
Mtihanini, swali la tano ndilo hilo, limebadilishwa nguo tu. Tundu kwenye tatu. Nimefika hapo, mkono huo unakwenda kuziba. Nikaweka kalamu mezani, nikaikalia mikono. Msimamizi alinitazama sana. Nikachora kiduara, nikakiruka, nikaendelea upande wa pili.

Alhamisi, 29 Mei
Ujumbe umeingia asubuhi. Nimepita. Nimelia kidogo, nikanawa uso, nikamwambia Mama. Akanishika kichwa, akaomba dua, akarudi kwenye mkeka wake.
Baadaye ameiona karatasi yangu ya mazoezi, ile ya Ukunda niliyoichora upya. Akaiinua juani, kwa mazoea, kidole kikatua kwenye kiduara.
"Mwanangu, hapa umeacha tundu."
"Ndiyo, Mama. Nimeliacha kusudi."
Akaitazama tena. Akanirudishia. Hakusema nifumue.